Ureno: tunatembea upande mmoja tu, gari tuliache wapi?

Mama Nasra – mtu wa Mombasa, makazi Leicester

Assalam aleikum, na wengine wote hamjambo.

Naomba msaada wa wenye kuijua Ureno. Inshallah Aprili tunakwenda huko watu wanne: mimi, Baba Nasra, Nasra mwenyewe ambaye ana miaka 16 na akiachiwa haamki kabla ya saa nne, na mavyaa wangu ambaye atakuwa amekuja kututembelea kutoka Malindi. Tunatua Lisbon Alhamisi tarehe 23. Nyumba tumeshalipia mtaa wa Alfama hadi Jumapili tarehe 26, kisha tunashuka pwani ya Alentejo, na tarehe mosi Mei tunarudi uwanja wa ndege.

Kinachotupeleka Alentejo ni njia ya wavuvi, wenyewe huiita Trilho dos Pescadores. Ni kijia kinachopita juu ya magenge na kuandama bahari. Wavuvi wa kule walikuwa wakikifuata kwenda kwenye miamba yao ya kuvulia. Tumechagua kipande cha kutoka Porto Covo hadi Zambujeira do Mar. Siku ya kwanza kilomita 20 hadi Vila Nova de Milfontes, ya pili 15 hadi Almograve, ya tatu 22. Hapo ndipo akili inaponigota. Njia haizunguki kukurudisha ulikotoka. Ukianza Porto Covo na kumalizia Zambujeira, gari umeliacha nyuma kilomita 57. Tutalirudia vipi? Na mavyaa, ambaye goti la kulia halimpi nafasi, atakuwa wapi siku hizo tatu ikiwa sisi kila usiku tunalala kijiji kingine? Kumuacha Leicester haiwezekani, ameshawaambia majirani wote wa Malindi kwamba anakwenda Ureno.

Suala la pili ni hilo hilo gari, lakini Lisbon. Tumelikodi kuanzia saa ile ile tunayotua, kwa sababu tuna mzee na masanduku na niliona ndiyo nafuu. Sasa mwenye nyumba wa Alfama nimemuuliza kuhusu maegesho, akajibu "yapo karibu". Nikamuuliza karibu wapi, akaniletea picha ya roshani yenye maua.

Shaba wa Ilala

Dada, kilomita 57 za mchanga kwa hela yako mwenyewe? Njoo Kigamboni, nitakutembeza bure mpaka ulie.

Ukiacha utani, nyie mmezoea kuendesha kushoto na Ureno ni kulia, gia zitakuwa mkono wa kulia. Chukueni otomatiki. Na kwenye vipilefti mnazunguka kinyume na mlivyozoea, kwa hiyo abiria wa mbele asiwe na simu mkononi, awe na macho.

Mzee Rovuma – Laranjeiro, Almada

Waaleikum salaam Mama Nasra. Mimi mzaliwa wa Palma, kule mwisho wa Msumbiji, shule nimesoma Mtwara, na sasa miaka mingi niko Laranjeiro, ng'ambo ya mto ukitokea Lisbon. Kazi yangu kuendesha watalii kwa basi dogo. Kiswahili changu kimeingia Kireno humo katikati, mtanivumilia.

Mwanangu, unauliza gari likae wapi. Uliza kwanza siku hizo tatu za Lisbon gari ni la nini.

Alfama ni mtaa wa ngazi. Kuna vichochoro ambavyo watu wawili wenye mizigo hawapishani mpaka mmoja ajibanze mlangoni kwa mtu. Sehemu ambazo gari linaweza kuingia zimewekewa nguzo fupi za chuma zinazozama ardhini kwa wenye kibali, na wenye kibali ni wakazi. Mgeni akiona mkazi amepita naye akamfuata nyuma nyuma, nguzo inapanda, na humo ndani hana pa kugeuzia. Nimeshuhudia magari ya kukodi yakirudi kinyumenyume mteremko mzima, mama mmoja anaongoza kwa mikono, nyumba zote madirisha wazi watu wanatazama.

Nje ya hapo, maegesho ya barabarani Lisbon yako chini ya kampuni ya manispaa, EMEL. Mitaa wameigawa kwa rangi. Kadiri unavyokaribia katikati ya mji ndivyo bei ya saa inavyopanda na ndivyo muda unaoruhusiwa unavyopungua, kwa hiyo si mahali pa kulipia asubuhi ukasahau hadi jioni. Muda ukiisha unatakiwa uondoe gari. Ukipitiliza unaweza kukuta gurudumu limefungwa klampu. Na kuna mistari mizima ya wakazi peke yao, imeandikwa *Residentes*, hiyo hata ulipe vipi si yako. Mgeni wa siku tatu kinachomfaa ni maegesho ya jengo au ya chini ya ardhi, unachukua tiketi mlangoni, unalipa kwenye mashine kabla hujarudi kwenye gari. Lakini ukishalilaza huko, hutaligusa. Unalipa ili lisitembee.

Tena tarehe 25 hiyo ni Jumamosi na ni sikukuu kubwa ya huku, siku waliyoangusha utawala wa kidikteta mwaka 1974. Mchana Avenida da Liberdade hujaa watu wenye maua mekundu, magari hayapiti. Sisi wa Msumbiji siku hiyo tunaihesabu kivyetu, maana mwaka uliofuata ndio tulipata uhuru wetu. Nendeni mkaione, kwa miguu, mavyaa akae kwenye mojawapo ya mabenchi ya ile barabara, yapo mengi na yana vivuli vya miti.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Alhamisi chukueni teksi ya kawaida toka uwanja wa ndege, mwambieni dereva awasogeze mpaka anapoweza. Ijumaa na Jumamosi ni metro, tramu na miguu. Jumapili asubuhi rudini uwanja wa ndege (metro mstari mwekundu unaishia hapo hapo), mchukue gari, mshuke kusini bila hata kuugusa mji.

Ila usifanye kosa la kutotokea siku ya kwanza ukadhani watakungojea. Wakodishaji wengi, saa uliyoandikisha ikipita, oda inafutwa na pesa hairudi. Piga simu mapema, wabadilishe, wakutumie kwa maandishi.

Sasa matembezi. Kanuni yetu madereva ni kwamba gari lilale unapomalizia, si unapoanzia. Asubuhi ndiyo unapanda teksi au basi kwenda mwanzo wa njia, halafu unatembea kulifuata gari lako. Basi likichelewa asubuhi umepoteza nusu saa tu. Likikupita jioni, umechoka, soksi zimejaa mchanga, na lilikuwa la mwisho, hapo ndipo ndoa hujaribiwa.

Na msihamehame vijiji. Kodini nyumba moja Vila Nova de Milfontes, mlale hapo siku zote tano. Mto Mira unaingilia baharini pale, kwa hiyo upande wa mtoni kuna ufuko wa maji yaliyotulia, mavyaa atakaa na leso yake bila kupigwa na mawimbi. Siku ya Porto Covo, gari linabaki nyumbani: teksi saa mbili asubuhi iwapeleke Porto Covo, kisha mnatembea kurudi kwenu, jioni mnaingia mlangoni kwa miguu yenu. Siku ya Zambujeira, endesheni mpaka Zambujeira, mliache gari pale, teksi iwarudishe Almograve, mtembee kuelekea gari. Teksi za vijiji hivyo ni chache, hazisimami barabarani kungoja abiria. Mwambieni mwenye nyumba awaitie jioni ya kabla, na mkubaliane bei hapo hapo.

Basi pia lipo, Rede Expressos, linatokea kituo cha Sete Rios hapa Lisbon na kugusa vijiji vyote hivyo. Wenye kutembea bila gari hilo ndilo lao. Lakini ni machache kwa siku na ratiba hubadilika kwa msimu. Kulitegemea kutoka kijiji hadi kijiji asubuhi ni bahati nasibu.

Mama Nasra

Shikamoo Mzee Rovuma. Ahsante sana, umenifungua macho. Hiyo ya gari kulala mwisho wa njia sikuwa nimeifikiria kabisa, nilikuwa nimekazana kutafuta namna ya kulirudia.

Nimewapigia wenye gari. Wanasema kusogeza hadi Jumapili inawezekana, lakini bei wanaihesabu upya kwa bei ya leo, na ya leo iko juu kuliko tuliyokatia. Nikikokotoa, nyongeza yao na pesa ya maegesho ya siku tatu zinakaribiana. Baba Nasra kasikia hivyo kashikilia: kama gharama ni ile ile, bora gari liwepo. Anasema gari lisilokuwepo si gari. Mimi nasema gari lililofungiwa chini ya ardhi pia halipo, lakini mnajua kubishana na mume kuhusu gari.

Halafu jingine. Kwenye ramani nimeona tukishuka kusini tunapita Sines, alikozaliwa Vasco da Gama. Mavyaa amesikia, na sasa lazima tusimame apige picha na sanamu. Mombasa bwana yule alipofika Aprili 1498 hatukuelewana naye, akaenda kupokewa Malindi. Kwa hiyo mavyaa anasema watu wake walimkirimu mgeni, sasa ni zamu ya Wareno kumkirimu yeye. Tunaweza kuegesha Sines saa moja bila matata?

Mzee Rovuma

Marahaba mwanangu. Mpe mavyaa salamu zangu, hoja yake ina nguvu kisheria.

Sines si Lisbon. Ni mji wa bandari na viwanda, pembeni utapita matangi na mabomba, usikate tamaa. Sanamu iko kando ya ngome juu ya ghuba. Maegesho mtaona jirani, soma tu bao kama kuna kulipia, na mshushe mzee karibu kabla hujatafuta nafasi.

Kuhusu Baba Nasra. Kama gharama zinakaribiana, mimi bado ningechagua bila gari, kwa sababu ya usiku wa kwanza: mmetoka kwenye ndege, mko upande mgeni wa barabara, mji wa vilima na mawe yanayoteleza, mavyaa kachoka, na ramani ya simu inakwambia "kata kushoto" kwenye ngazi. Lakini mume ni mume. Basi akishikilia, fanyeni hivi, ndivyo ninavyowaambia jamaa zangu wakija.

Msiingie nalo mjini. Kwanza mshusheni mavyaa na mizigo kwa teksi pamoja nawe na Nasra. Yeye Baba Nasra alivuke nalo mto aje upande wetu, Almada, atafute maegesho ya kulipia ya Cacilhas karibu na gati. Kutoka hapo kivuko kinakwenda Cais do Sodré, gati la upande wa Lisbon, kwa kama dakika kumi. Atakuwa ameuona mji wote kutoka majini, kitu ambacho watalii wanalipia. Na Jumapili mnapoondoka mko kusini tayari, hakuna foleni ya daraja. Madaraja yote mawili, la 25 de Abril na la Vasco da Gama, hutoza mtu anayeingia Lisbon tu. Kutoka ni bure. Kwa hiyo mtalipa mara moja, siku ya kurudi.

Kama hataki kivuko, basi maegesho makubwa ya pembeni ya mji yaliyo juu ya metro. Jumba la maduka la Colombo liko kituo cha Colégio Militar, mstari wa buluu, mstari huo huo unakuleta Baixa, katikati ya mji, na hadi Santa Apolónia chini ya Alfama. Ila aulize kwanza bei ya kulaza usiku, maana maegesho ya maduka yamepangiwa watu wa saa mbili tatu.

Mtakutana na mwanaume barabarani, pengine ana gazeti lililokunjwa, anawapungia mikono kuonyesha nafasi iliyo wazi ambayo mlikuwa mmeshaiona wenyewe. Huku anaitwa *arrumador*. Anataka sarafu. Yeye si mwajiriwa wa mtu na sarafu yake haihesabiki kwenye mashine. Mashine bado utailipa. Mimi huwapa senti hamsini na salamu, naendelea na siku yangu. Wengine hawatoi. Si lazima.

Ndani ya gari msiache kitu kinachoonekana, hata koti, hata mfuko mtupu. Hasa huko fukweni na mwanzo wa njia za matembezi, ambako mwizi anajua mwenye gari amevaa viatu vya kutembea na hatarudi mpaka jioni. Masanduku yawe nyumbani Milfontes, gari liende tupu. Hii pia ndiyo sababu nyingine sipendi watu wahame kijiji kila siku na mizigo yote kwenye buti.

Barabara ya A2 inayoshuka kusini ni ya kulipia. Mwombe mkodishaji kile kidude cha kwenye kioo cha mbele kinachojilipia chenyewe, na uhakikishe kimewashwa. Bila hicho, usiingie mlango wenye herufi V nyeupe kwenye kijani. Huo ni wa wenye kidude, wewe nenda kwenye mlango wa tiketi. Mtatoka A2 Grândola, mkate magharibi kuelekea Sines. Mpaka Milfontes ni saa mbili na ushee.

Na mkitamani Sintra mkiwa Lisbon, msiende na gari hata mkiwa nalo. Katikati ya mji ule wa zamani magari ya wageni yamezuiwa na barabara za kupandia majumba ya kifalme ni finyu. Treni inatoka kituo cha Rossio hapa Lisbon, kama dakika arobaini. Huko juu kuna mabasi.

Kiongozi wa Meru – Usa River

Habari za jioni. Mimi kazi yangu ni kupandisha wageni mlimani, na njia hiyo ya wavuvi nimeitembea kwa mwaliko wa wateja wangu wa zamani. Mzee wa Rovuma kamaliza mambo ya magari, niseme ya miguu.

Mchanga. Watu wanasoma "kilomita 20, tambarare" wanacheka. Kipande cha Porto Covo hadi Milfontes sehemu kubwa ni mchanga mkavu, laini, unaokanyaga mguu unazama na kurudi nyuma. Mtu anayetembea kilomita tano kwa saa barabarani, pale atakwenda tatu. Wekeni masaa saba ya kutembea, mapumziko juu yake. Habari njema ni kwamba mwisho wa Aprili jua huko huzama saa mbili usiku na kidogo, kwa hiyo mkianza saa tatu asubuhi hamna haja ya kukimbizana. Viatu vyepesi vyenye shingo, vya kuziba mchanga. Vile vizito vya kupandia Kilimanjaro viacheni. Soksi za akiba kila mtu, na mkifika nusu ya njia vueni, kung'uteni, badilisheni. Malengelenge yanaanzia kwenye punje moja tu.

Maji. Kati ya kijiji na kijiji hamna bomba wala duka. Lita mbili kwa mtu, hata kama kuna upepo na hamsikii kiu. Upepo wa kule hutoka kaskazini, ndiyo maana mwendo wa kaskazini kwenda kusini ndio unaofaa: unawasukuma mgongoni. Mkigeuza, mtakula mchanga siku nzima. Kofia ya kamba.

Alama ni mistari miwili, kijani na buluu, kwenye vigingi na mawe. Ukiona imepigwa mkasi, yaani msalaba, hiyo njia siyo, rudi. Vijia vya kuchepuka ni vingi kwa sababu kila mvuvi alikuwa na mwamba wake.

Ukingoni. Naomba Nasra na simu yake asome hapa. Magenge yale kwa chini yameliwa na bahari, kwa juu unaona nyasi na maua, hujui kama unachokanyaga kina kitu chini yake. Mita mbili nyuma, picha inatoka vile vile.

Sasa Mzee, hapa tutapingana kidogo. Umewapangia siku ya Porto Covo na siku ya Zambujeira, ya katikati umeiacha. Mimi ningemwanzishia binti wa miaka 16 hiyo hiyo ya katikati, Milfontes hadi Almograve, kilomita 15, inaanzia mlangoni kwao na ni nafuu kuliko hizo mbili. Akiipenda, anaongezewa. Akichukia, mmejua mapema na teksi kutoka Almograve si mbali. Kuanza na zile 20 za mchanga ni kumpoteza mtoto siku ya kwanza.

Siku ya Zambujeira msiikose kwa lolote, kwa ajili ya korongo. Korongo weupe wanajenga viota juu ya nguzo za mwamba zilizosimama peke yake baharini, mawimbi yanapiga chini, na Aprili mwishoni wako kwenye viota. Mmoja akirudi, mwenzake anarudisha kichwa nyuma mpaka kinagusa mgongo, kisha wanagonga midomo, ta-ta-ta-ta-ta, unasikia juu ya kelele ya bahari. Ndege hawa sisi tunao huku pia, wanashuka kwa makundi nyikani wakati wa baridi ya Ulaya, ila wa kwetu hutoka Ulaya mashariki. Wa Ureno huvukia Afrika magharibi, na wengi siku hizi hawahami kabisa.

Wanaonekana vizuri Cabo Sardão, kwenye mnara wa taa, takriban katikati ya mwendo. Na barabara ya lami inafika pale. Mnaona ninakoelekea: mavyaa anaweza kuwaona bila kutembea.

Mama Nasra

Kaka, hapo umeniliza. Mavyaa ni mtu wa ndege, kwake Malindi anajua kila kunguru kwa tabia yake.

Lakini gari siku hiyo limeshapelekwa Zambujeira asubuhi. Nani atampeleka mnarani? Au siku ya Zambujeira atembee Baba Nasra na mtoto, mimi nibaki na gari na mavyaa, tuwakute Cabo Sardão na chakula, kisha twende kuwangoja mwisho? Si mimi tena ndiye niliyetaka kutembea zaidi ya wote!

Na msicheke, kuna maswali mawili ya nyumbani. Ijumaa ya tarehe 24 Baba Nasra ataswali wapi, na Alentejo tutakula nini kisicho nguruwe?

Mzee Rovuma

Kiongozi ana haki kuhusu mtoto. Anza na ya katikati, nakubali. Kijana akishindwa siku ya kwanza, siku zilizobaki anakuwa mzigo mzito kuliko sanduku.

Mama Nasra, usijinyime. Siku ya Zambujeira gari lisiende Zambujeira asubuhi. Dereva apeleke wote Almograve, mmoja wenu aanze na Nasra. Mwingine aende na mavyaa moja kwa moja hadi Cabo Sardão, wakae na korongo wao, pana nafasi ya kuegesha na kuna uwanja wa mpira kando ya genge, mavyaa atashangaa nani hufuata mpira ukitoka. Mkikutana hapo mchana, mnabadilishana: aliyeendesha anatembea na Nasra kipande cha pili, aliyetembea anachukua ufunguo na kumpeleka mavyaa Zambujeira. Kila mtu kapata nusu ya njia, gari liko mwisho, na teksi hamkuihitaji. Sharti nyote wawili muwe mmeandikwa kama madereva kwenye mkataba wa gari, mliseme wakati wa kulichukua. Asiyeandikwa akishika usukani, bima haimjui. Kijiji cha Cavaleiro kiko nyuma ya mnara, mtu anaweza kujaza maji na kunywa kahawa.

Wewe chukua nusu ya kwanza au ya pili? Ya kwanza ina matuta ya mchanga toka Almograve, ya pili ina magenge marefu na inashuka Entrada da Barca, kibandari cha wavuvi kabla ya Zambujeira. Mimi ningempa mume ile ya mchanga.

Ijumaa: msikiti mkuu wa Lisbon uko karibu na Praça de Espanha, kituo kina jina hilo hilo, mstari wa buluu. Jumuiya yenyewe ilianzishwa na Waislamu waliotoka Msumbiji, kwa hiyo Baba Nasra akisalimia kwa Kiswahili pengine atapata wa kumjibu. Afike mapema.

Chakula: pwani kuleni samaki wa kuchoma, ni wazuri na ni wengi. Tahadhari sahani iitwayo *carne de porco à alentejana*, maana mezani utaona chaza juu udhani ni ya baharini, kumbe chini ni nguruwe. Supu pia uliza, wakati mwingine huwekwa kipande cha soseji. Kuna *açorda*, mkate uliolowekwa kwenye maji ya vitunguu saumu na kotmiri, yai juu. Mavyaa ataipenda, lakini muulize mpishi kama ametia kitu kingine. Maneno ya kusema ni *sem porco*, yaani bila nguruwe.

Tarehe mosi Mei nayo ni sikukuu, Ijumaa, watu wa Lisbon watakuwa wanatoka kuja huko kwenu huku ninyi mnarudi. Njia yenu itakuwa nyeupe, lakini mafuta jazeni Alhamisi jioni kama mkataba unadai tangi lijae. Rudini kwa daraja la Vasco da Gama, linawatoa karibu na uwanja wa ndege bila kupita mjini. Kituo cha mafuta kilicho jirani na uwanja kina foleni ya kila mwenye gari la kukodi aliyengoja dakika ya mwisho.

Mama Nasra

Baba Nasra kasoma yote. Amekubali kivuko cha Cacilhas, kwa sharti kwamba aseme lilikuwa wazo lake. Nusu ya mchanga amekataa, tutapiga kura. Nyumba ya Milfontes nimeandikisha usiku wa leo, mwenye nyumba nimemuuliza maegesho yako wapi, kanijibu "mbele ya mlango" na picha ya mlango nimeiona, ina gari mbele yake.